Njia na Kufuli: Historia ya Nyaya za Sauti na Picha

Nyuma ya kila televisheni, mahali pasipofikiwa na macho ya wageni wala ufagio wa mwenye nyumba, pana nyaya chache zilizofungamana. Aghalabu hazifikiriwi ila siku zinapokataa kazi. Hata hivyo, katika vichwa vya nyaya hizo mna historia ya zaidi ya miaka 140: historia ya wahandisi, ya wafanya biashara na ya watunga sheria, na ya ugomvi juu ya swali moja lililo kubwa kuliko nyaya zenyewe. Swali hilo ni hili: mtu akinunua chombo kwa fedha yake na kukiweka nyumbani mwake, nani mwenye mamlaka juu ya kile kinachopita baina ya chombo hicho na kingine? Katika zama za kwanza swali hili halikuulizwa, maana waya haukuwa na uwezo wa kuliuliza. Siku waya ulipopewa uwezo huo ndipo historia yake ilipogeuka.

Chanzo chake ni simu. Tarehe 28 Januari 1878 kituo cha biashara cha kuunganishia simu kilifunguliwa katika mji wa New Haven, Marekani. Katika vituo vya namna hiyo wafanya kazi walikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi. Mtu alipotaka kuzungumza na mwenziwe, kichwa kimoja cha waya kilichomekwa katika tundu la huyu, na kichwa cha pili katika tundu la yule. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kichwa cha unene wa robo inchi, chenye ncha ya mviringo, ambacho mpaka leo huchomekwa katika gitaa za umeme. Mdogo wake wa milimita 3.5 alisafiri dunia nzima pamoja na kaseti za mkononi zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1979. Si uzuri wa umbo lake uliokipa kichwa hicho maisha marefu hivyo. Matundu yake yalikuwa yamekwisha enea, na kila mtengenezaji mpya aliona heri afuate matundu yaliyopo kuliko kuwalazimisha watu watoboe mengine.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Marekani iliyoitwa Radio Corporation of America ilitunga kichwa kingine, ili gramafoni iweze kuunganishwa na redio na kutumia spika yake. Kichwa hicho kilichukua jina la kampuni kwa ufupi, RCA, na katika nyumba nyingi kikajulikana baadaye kwa rangi zake tatu: manjano kwa picha, nyeupe kwa sauti ya kushoto na nyekundu kwa sauti ya kulia. Kilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kutumia. Zaidi ya hayo, kilikuwa kinyenyekevu. Hakikuuliza kilikotoka wala kilikokwenda, na chochote kilichotiwa upande mmoja kilitoka upande wa pili.

Kilichotiwa kilikuwa ni mawimbi. Sauti ya mwimbaji iligeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe inavyopanda na kushuka, na umeme huo ukafuata shaba hata kwenye spika. Huu ndio utaratibu uitwao analojia, na ila yake ni moja: njiani mawimbi hudhoofika na kuchukua takataka. Waya ukipita karibu na waya wa umeme wa nyumba, mngurumo wa umeme huo huingia katika muziki, wala chombo cha mwisho hakina njia ya kutenga mngurumo na wimbo, kwa kuwa vyote viwili ni mawimbi. Kadhalika kila nakala ya kaseti ilikuwa hafifu kuliko mama yake, na nakala ya nakala ikawa hafifu zaidi. Udhaifu huo uliwaudhi wasikilizaji, lakini uliwapa wenye kuuza muziki usalama wasioutambua mpaka ulipoondoka.

Uliondolewa na hesabu. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alifikiri kwamba sauti haina haja ya kusafirishwa kama mawimbi. Yatosha kuipima mara nyingi kila nukta, kuandika kila kipimo kwa tarakimu, na kupeleka tarakimu hizo kwa alama mbili tu, ya kuwapo umeme na ya kutokuwapo. Chombo kinachopokea hakina haja ya kujua umeme una nguvu kiasi gani, bali kujua tu kama upo au haupo. Takataka za njiani, maadamu hazikuzidi mno, hutupwa, na tarakimu hurudi safi kama zilivyoandikwa. Fikra hiyo ilizaliwa kabla ya wakati wake, kwa sababu vyombo vya miaka ile vilikuwa ghali na vikubwa mno kwa kazi hiyo. Ilingoja transista, na haikuingia katika majumba ya watu mpaka mwaka 1982, zilipoanza kuuzwa santuri za CD.

Katika santuri hiyo sauti hupimwa mara 44,100 kila nukta, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa kuwa masikio ni mawili, jumla yake ni biti 1,411,200 kila nukta. Sony na Philips, waliotunga santuri hiyo, walipatana pia namna ya kupeleka biti hizo kutoka chombo hata chombo, na herufi za kwanza za majina yao zimo katika jina la mapatano hayo, S/PDIF. Biti zao zaweza kupita katika waya wenye kichwa kile kile cha RCA. Zaweza pia kupita katika uzi wa plastiki uliotolewa na Toshiba mwaka 1983, ambao ndani yake hakuna umeme, ila mwanga mwekundu unaowaka na kuzimika. Uzi huo una faida ya pekee: mngurumo wa umeme haupati pa kushika.

Basi hapo usalama wa wenye kuuza muziki ukavunjika. Nakala ya tarakimu haiwi hafifu. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, kama hesabu ya mia inavyonakiliwa na watu kumi ikabaki mia. Hofu yao haikuwa ya bure, wala si haki kuicheka, maana mtunzi na mwimbaji nao hula kwa jasho lao. Lakini dawa iliyochaguliwa ndiyo iliyobadili tabia ya waya. Mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria iliyotaka kila chombo cha nyumbani cha kurekodi sauti kwa tarakimu kiwe na mlinzi ndani yake. Katikati ya biti za muziki zikawekwa biti chache zisizo za muziki, bali za amri: huu waweza kunakiliwa, huu usinakiliwe. Nakala ya kwanza iliruhusiwa, na nakala ya nakala ikakatazwa. Hapo waya wa nyumbani ulibeba pamoja na wimbo neno la mtu asiyekuwamo nyumbani.

Picha ilichukua njia yake nyingine, kwa kuwa mzigo wake ni mkubwa zaidi. Huko Ufaransa serikali yenyewe iliingia kati. Kuanzia mwaka 1980 televisheni mpya zilizouzwa katika nchi hiyo zilitakiwa kuwa na tundu pana la namna moja, liitwalo SCART, lililobeba sauti na picha kwa pamoja, na desturi hiyo ikaenea Ulaya. Katika upande wa kompyuta hapakuwa na serikali, bali palikuwa na kampuni kubwa. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta zake za PS/2 zenye tundu la pini 15 katika safu tatu, liitwalo VGA, na wengine wote wakafuata. Kwa njia hizi mbili, amri ya serikali na nguvu ya soko, mapatano mengi ya nyaya yamepatikana.

Tundu la VGA lilipeleka mawimbi, na jambo hilo lilifaa maadamu vioo vya kompyuta vilikuwa vile vizito vya mirija. Vilipokuja vioo bapa, ikatokea kazi ya kuchekesha. Kompyuta, ambayo haijui ila tarakimu, ilizigeuza tarakimu zake kuwa mawimbi ili zipite katika waya, na kioo, ambacho nacho hakijui ila tarakimu, kikayageuza mawimbi hayo kuwa tarakimu tena. Palikuwa na wakalimani wawili baina ya watu wa lugha moja, na kila mkalimani alipoteza neno. Mwezi wa Aprili 1999 kampuni kadha, zikiwamo Intel, IBM, Compaq na Silicon Image, zilitoa mapatano ya DVI, yaliyowaondoa wakalimani hao na kuacha tarakimu zipite moja kwa moja.

Uzito wa kazi hiyo waonekana kwa hesabu. Picha ya vitone 1,920 kwa 1,080, ikibadilishwa mara 60 kila nukta, na kila kitone kikaandikwa kwa biti 24, huhitaji biti karibu bilioni 3 kila nukta, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya mzigo wa santuri ya CD. Ili mbio hizo zisiishie katika fujo, kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu ilipewa jozi yake ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Umeme katika waya mmoja wa jozi ni kinyume cha umeme katika wa pili, na kioo husoma tofauti iliyopo baina yao. Mngurumo ukitoka nje, huzigusa zote mbili sawasawa, na tofauti yao haibadiliki.

Juu ya msingi huo kampuni 7, yaani Hitachi, Matsushita, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba, zilijenga waya wa nyumbani. Mwezi wa Desemba 2002 zilitoa mapatano ya HDMI. Kichwa chake kina pini 19, nacho hubeba picha na sauti kwa pamoja. Palipokuwa na nyaya tano au sita ukabaki mmoja, na hiyo ni neema ambayo hapana budi kuikiri. Toleo la kwanza lilipitisha biti karibu bilioni 5 kila nukta. Toleo la 2.1, lililotolewa Novemba 2017, lapitisha bilioni 48, na umbo la tundu la televisheni halikubadilika.

Waya huu haufanyi kazi kimya kama ule wa rangi tatu. Unapochomekwa, chombo cha picha hupeleka umeme mdogo kupitia pini moja, kama mtu apigaye hodi. Televisheni hujibu kwa pini nyingine kwamba ipo. Kisha hujitambulisha: nani aliyeitengeneza, inaweza kuonyesha vitone vingapi, inapokea sauti za namna gani. Chombo kikisikia hayo hupeleka kile ambacho mwenyeji aweza kupokea, wala hakimtwiki mzigo asioumudu. Hii ni adabu nzuri, na faida yake ni kwamba mwenye nyumba hana haja ya kujua lolote katika hayo.

Lakini baada ya hodi na karibu huja swali la tatu, nalo si la adabu: una kibali? Swali hili lilitungwa na Intel, likaitwa HDCP, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2000. Kila chombo kilicholipiwa hupewa funguo zake za siri. Vyombo viwili vikikutana hufanya hesabu kwa funguo hizo, na majibu yakipatana picha hufichwa kwa hesabu hizo na kufichuliwa upande wa pili tu. Yasipopatana, kioo hubaki cheusi, au picha hupunguzwa. Tena kumewekwa orodha ya vyombo vilivyokatazwa, ambayo yaweza kuja ndani ya santuri mpya ya filamu, hata chombo kilichofanya kazi jana kikakataliwa leo.

Kufuli hilo halikuwa imara. Mwaka 2001 wataalamu walichapa uchambuzi ulioonyesha kwamba mtu akikusanya funguo za vyombo 40 hivi ataweza kuutafuta ufunguo mkuu unaozaa funguo zote. Mwaka ule ule mtaalamu Mholanzi, Niels Ferguson, alisema amegundua udhaifu wake lakini hataandika alichokigundua, kwa kuhofia sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za namna hiyo. Hapo elimu yenyewe ilifungwa mdomo na kufuli la waya wa televisheni. Mwezi wa Septemba 2010 ufunguo mkuu ulitangazwa hadharani, na Intel ikakiri kwamba ni wenyewe. Wakati huo toleo jipya la kufuli, lenye hesabu tofauti, lilikuwa limekwisha tungwa.

Aliyeumia katika habari hii ni nani? Mwizi wa filamu hakusumbuka sana, kwa kuwa yeye hutafuta njia nyingine. Aliyesumbuka ni mtu mwaminifu. Wako walionunua televisheni za kwanza za picha safi kwa bei kubwa, zenye matundu ya analojia peke yake. Mapatano ya santuri za Blu-ray yalitaka vichezeo vilivyotengenezwa baada ya mwaka 2010 vipunguze picha inayotoka katika matundu hayo, na vilivyotengenezwa baada ya 2013 visitoe humo picha ya santuri iliyofungwa kabisa. Yuko pia mwalimu mwenye filamu aliyoinunua kwa haki, ambaye mashine yake kuukuu ya kuonyeshea picha ukutani haina funguo. Mtu huyo hakuiba kitu, wala hakushtakiwa popote, lakini amehukumiwa na waya.

Mapatano ya nyaya yana wenyewe pia. Mwezi wa Mei 2006 umoja uitwao VESA ulitoa DisplayPort kwa ajili ya kompyuta, bila kudai mrabaha kwa kila chombo, ilhali watengenezaji wa HDMI hulipia leseni. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ndogo mpaka inapomgusa mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilijulikana kwamba kampuni ya AMD ilitaka kuweka wazi maandishi ya programu inayoendesha toleo la 2.1 la HDMI katika Linux, ambayo ni programu isiyofichwa kwa mtu yeyote, na kwamba baraza la HDMI lilikataa. Mwenye kompyuta ya namna hiyo alikuwa na waya unaofaa, kioo kinachofaa na kompyuta inayofaa. Kilichokosekana ni idhini.

Watu wa Afrika ya Mashariki waliiona historia hii yote kwa pamoja, ndani ya sanduku moja dogo. Mwaka 2006, katika mkutano wa Geneva, mataifa ya Afrika, Ulaya na sehemu za Asia yalipatana kuacha matangazo ya televisheni ya analojia, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mpaka. Tanzania ilianza mapema. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Kenya ilifika huko mwaka 2015, baada ya mashauri marefu ya mahakama. Mwenye televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi, na neno hilo limechaguliwa vema, maana kung'amua ni kutambua maana ya kilichofichika. Nyuma ya ving'amuzi vingi palikuwa na matundu ya rangi tatu kwa ajili ya televisheni ya kale, na tundu la HDMI kwa ajili ya mpya: miaka ya 1930 na mwaka 2002 ubavu kwa ubavu. Aliyekuwa na televisheni ya mirija hakuachwa nje, kwa sababu waya usiouliza ulikuwa bado upo.

Ujinga wa habari hizi nao una gharama yake. Katika zama za analojia waya mzuri ulileta sauti nzuri zaidi, na mnunuzi aliyelipa zaidi aliweza kupata zaidi. Katika tarakimu mambo ni mengine. Waya uliotimiza masharti ya mwendo unaotakiwa hufikisha biti zote, na mwingine wa bei mara kumi, uliopakwa dhahabu kichwani, hufikisha biti zile zile. Waya usiotimiza masharti haufifishi picha kidogo kidogo, bali huitia vitone vya kumetameta, au huikata kabisa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mwenye kununua waya kwa mng'ao wa kichwa chake amenunua mlango.

Jitihada ya mwisho ni ya kutaka kichwa kimoja kwa kazi zote. Mwaka 2014 kilitolewa kichwa cha USB-C, chenye pini 24, kinachoingia juu na chini bila kuchagua, kikibeba umeme wa kuchaji, tarakimu, sauti na picha. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria, na kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu na vyombo vingine vidogo vipya vinavyouzwa katika nchi zake vyatakiwa kuwa na tundu hilo. Sababu iliyotajwa ni takataka: chaja zilizotupwa au zisizotumika zilikadiriwa kufikia tani 11,000 kwa mwaka. Hivyo serikali zimerudi kufanya kile ambacho Ufaransa ilifanya mwaka 1980. Walakini umbo moja halina maana ya uwezo mmoja. Nyaya mbili za USB-C zaweza kufanana kama pacha, moja ikapitisha picha na nyingine ikaweza kuchaji tu. Tofauti iliyokuwa ikionekana kwa macho sasa imejificha ndani.

Ndivyo mwendo wote ulivyokuwa. Kwa miaka 140 na zaidi nyaya zimekuwa chache zaidi na zenye uwezo zaidi, na kila hatua imempunguzia mtumiaji taabu ya mikono. Lakini kila hatua imemwondolea pia kidogo cha mamlaka aliyokuwa nayo pasipo kujua: kuona kwa macho yake kinachopita, kukipeleka atakako, na kukitengeneza kinapoharibika. Mapatano ni jambo jema, kwa kuwa bila ya mapatano kila kampuni ingekuwa na tundu lake na kila nyumba ingejaa takataka. Hata kufuli laweza kuwa na haki yake. Upungufu ni kwamba katika vyumba ambamo mapatano haya yaliandikwa, wenye viwanda walikuwa na kiti, wenye filamu walikuwa na kiti, na mara chache serikali ilivuta kiti; bali mwenye nyumba, ambaye waya huo umelala nyuma ya televisheni yake na ndiye aliyeulipia, hakuwekewa kiti wala hakuulizwa neno.